Friji haifufui chakula: mwongozo wa kuhifadhi vyakula nyumbani, penye joto na umeme wa kukatika

Friji haiui vijidudu. Inavipunguzia mwendo tu, na friza inavilaza hadi siku utakapotoa chakula. Jodari aliyeshinda mezani kwa muuzaji tangu alfajiri, ukimtia friji saa saba mchana, friji itakutunzia jodari yuleyule aliyekwisha kuanza kuharibika. Kwa hiyo muda ambao chakula kimekaa nje kabla ya kuingia ndio wa kuhesabu kwanza.

Bakteria wengi wa chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, na joto likiwapendeza huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Mmoja huwa 64 baada ya saa mbili, na zaidi ya 4,000 baada ya saa nne. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi Februari, mchana umefika nyuzi 32 na jiko linawaka, chukulia saa moja. Nimeandika nikiifikiria nyumba ya namna hiyo: friji moja, watu watano au sita, soko mara moja au mbili kwa wiki, na umeme usiotabirika.

Hatua ya 1: Hakikisha friji yako ni baridi kweli

Namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha friji, 1 hadi 5 au 1 hadi 7, si nyuzi joto. Kwenye friji nyingi namba kubwa maana yake baridi zaidi, basi. Kinachotakiwa ni friji isizidi nyuzi 4 na friza ifike nyuzi 18 chini ya sifuri. Nunua kipimajoto cha friji. Ni kifaa kidogo na bei yake haizidi ya kuku mmoja. Kiweke ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, kilale humo usiku, ukisome asubuhi kabla mtu hajafungua mlango. Ukikisoma hewani tu, kila mlango ukifunguliwa kitakupa jibu jingine.

Kwa friza ambayo haina kipimajoto, angalia aiskrimu. Ikichoteka kwa urahisi mara tu unapoitoa, friza haijafika nyuzi 18 chini ya sifuri.

Wenye friji ya mlango mmoja yenye kijisanduku cha barafu juu, tazameni nyota zilizochorwa kwenye kimlango chake. Nyota moja ni nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18. Ni ile ya nyota nne tu iliyotengenezwa kugandisha vyakula vibichi. Nyota moja inafaa kwa barafu ya sharubati na kitu cha kuliwa wiki hii. Watu wengi wanajaza nyama ya mwezi mzima kwenye kijisanduku cha nyota moja, wanaiona ngumu kwa nje na kuridhika.

Halafu mlango. Bana karatasi au noti kati ya mpira wa mlango na friji, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, mpira umechoka au una uchafu. Usugue kwa sabuni kwanza kabla hujamwita fundi. Friji yenyewe ikae mbali na jiko na jua la dirishani, na nyuma yake uache nafasi ya kama sentimita 10 ili joto lipate pa kutokea.

Hatua ya 2: Anza kuhifadhi ukiwa bado sokoni

Nunua unga, mchele, nyanya na vitunguu kwanza. Samaki na nyama viwe vya mwisho, halafu nyumbani moja kwa moja. Ukienda Feri au soko jingine la samaki, beba ndoo yenye mfuniko au boksi la baridi na ununue barafu palepale. Kilo mbili za barafu ni gharama ndogo ukifikiria foleni ya kurudi nyumbani.

Kwa samaki wa jamii ya jodari na vibua jambo hili halina mjadala. Nyama yao ina kiasi kikubwa cha histidini, kiungo kimoja cha protini, na samaki akikaa kwenye joto bakteria huigeuza kuwa histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio. Ukimla, ndani ya dakika chache hadi saa moja au zaidi kidogo uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, pengine moyo unakwenda mbio. Wengi husema "nina mzio wa jodari", kumbe tatizo ni jua lililompiga. Histamini ikishatengenezeka haiondoki kwa kukaanga, kwa kuchemsha wala kwa kugandisha, na samaki anaweza asinuke kabisa. Kwa hiyo macho maangavu, mashavu mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza ni dalili nzuri, lakini kwa jodari uliza pia alitoka lini majini na tazama kama amelalia barafu.

Ukifika nyumbani, samaki apaliwe, atolewe matumbo na mashavu, asuuzwe na kukaushwa maji. Wa leo na kesho aingie friji ndani ya bakuli lenye mfuniko. Wengine wote friza, sasa hivi, si jioni.

Kuku wa dukani aliyekwisha kusafishwa hana haja ya kuoshwa tena chini ya bomba. Maji yanarusha bakteria kwenye sinki, kwenye kachumbari iliyo karibu na kwenye nguo yako. Moto ndio utakaowaua.

Nyama ya Idd na nyama ya sherehe

Mnyama aliyechinjwa asubuhi hiyo nyama yake bado ina joto. Ukiitia friza papo hapo, baridi inaikaza misuli kabla haijapata nafasi ya kulegea, na siku ya kuipika utachemsha hadi gesi iishe. Ikate vipande vya mlo mmoja mmoja, itandaze kwenye trei au masinia ndani ya friji, ilale humo usiku mmoja, kesho yake uigandishe. Maini, figo na utumbo havisubiri: vipikwe siku hiyohiyo au kesho yake.

Na usijaze friza kwa mkupuo. Friza ya kawaida inamudu kugandisha kama kilo moja hadi moja na nusu kwa siku kwa kila lita 30 za ujazo wake. Ya lita 200 inaweza kilo 7 hadi 10. Ukiipa kilo 25 kwa wakati mmoja, za nje zitaganda, za katikati zitabaki vuguvugu usiku kucha, na hata vilivyokuwa vimeganda tangu zamani vitaanza kulainika. Mafungu ya majirani na ya sadaka yatoke nyumbani kwanza.

Hatua ya 3: Panga rafu kwa kufikiria kinachoweza kudondoka

Kibichi chenye damu na maji hukaa chini kabisa, ndani ya chombo chenye kingo, ili kikivuja kisiangukie chochote. Vilivyokwisha kupikwa na vya kuliwa bila kupikwa tena hukaa juu. Mboga na matunda kwenye droo. Sheria hiyo moja inatosha. Mengine ni mapendeleo ya mwenye nyumba.

Mlango ndio mahali penye joto kuliko pote ndani ya friji, maana kila ukifunguliwa unatoka nje wote. Weka huko maji, tomato sosi, siki, jemu. Watengenezaji wametuwekea nafasi za mayai na chupa za maziwa mlangoni, na bado nasema maziwa yakae ndani, nyuma. Usiibane friji pia: hewa baridi inahitaji njia, na sufuria zikigusana kila upande nyuma kutaganda na mbele kutakuwa na joto.

Vitunguu maji, viazi mbatata, viazi vitamu, ndizi na mihogo vikae nje, mahali pakavu penye hewa. Kiazi mbatata kikikaa kwenye baridi kali, wanga wake unageuka sukari. Chipsi zake zinakuwa nyeusi haraka, na kiasi cha akrilamidi, kemikali isiyotakiwa kwa afya, kinaweza kuongezeka wakati wa kukaanga. Nyanya ambazo hazijaiva zisubiri nje, zikiiva sana ziingie. Embe na parachichi vivyo hivyo. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huifanya mchicha na matembele kuwa ya njano kabla ya wakati, kwa hiyo usiyachanganye kwenye droo moja.

Mboga za majani usizioshe na kuzitia zikiwa zinadondosha maji. Chambua, ondoa yaliyooza, kunja kwenye kitambaa safi kikavu au karatasi, kisha droo. Zitaoshwa siku ya kupikwa.

Hatua ya 4: Sufuria la usiku

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea, na kosa lenyewe limerithiwa: "kiache kipoe kwanza, usije ukaharibu friji." Chakula kinapikwa saa kumi na mbili jioni, kinaliwa saa mbili usiku, sufuria inaachwa juu ya jiko ipoe, watu wanalala, asubuhi ndiyo inaingia friji. Chakula hicho kimekaa nje saa kumi na moja au kumi na mbili.

Sufuria la maharage la lita tano ukilifunika na kuliacha, katikati yake pataendelea kuwa na joto la kupendeza bakteria kwa muda mrefu sana. Lipooze kwa makusudi. Chota maharage uyagawe kwenye makontena au mabakuli mapana, kina kisizidi sentimita 5 hivi. Kama huna vyombo vya kutosha, weka sufuria ndani ya beseni la maji, tia barafu au chupa za maji zilizoganda kwenye beseni, koroga kila baada ya dakika chache. Ndani ya nusu saa mvuke utakuwa umekata. Kikiwa vuguvugu kinaingia friji. Si lazima kiwe baridi. Mfuniko uuache wazi kidogo hadi kipoe, kisha ufunge.

Wali una kesi yake peke yake. Mchele huja na chembe za bakteria aitwaye Bacillus cereus ambazo hazifi kwa kupikwa. Wali ukiachwa nje, chembe zinaamka, bakteria wanaongezeka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiharibiki kwa kupasha moto. Kiporo cha wali na chai ya asubuhi ni kitu kitamu, sina ugomvi nacho. Sharti lake ni kwamba kiliingia friji jana usiku, ndani ya saa moja au mbili baada ya kuepuliwa, na kinamalizwa leo. Vivyo hivyo kwa pilau na biriani za shughuli.

Kuna desturi ya kuchemsha sufuria asubuhi na jioni ili mchuzi "usichache". Inaua bakteria wengi waliomo, ni kweli, na kwa nyumba isiyo na friji ni afadhali kuliko kuacha hivihivi. Ila haifuti sumu iliyokwisha kutengenezwa kati ya mchemsho mmoja na mwingine.

Viporo vya mchuzi, maharage, nyama na kuku vilivyomo friji vimalizwe ndani ya siku 3 hadi 4. Kuna bakteria kama Listeria ambaye hukua, japo polepole, hata kwenye baridi ya friji. Ndiye aliyesababisha mlipuko wa Afrika Kusini wa 2017 na 2018, uliotokana na poloni (soseji nene ya kukatwa vipande), watu zaidi ya 200 wakafariki. Kwa hiyo soseji na poloni iliyofunguliwa isikae wiki mbili kwa kuwa tu "iko friji", na nyumba yenye mjamzito izipashe hadi zitoe mvuke kabla ya kula.

Ukipasha kiporo, pasha kile utakachokula, kiwe cha moto hadi katikati. Mchuzi utokote kabisa. Usipashe sufuria zima kila mara na kulirudisha.

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa friji hadi siku 4, yakiwa nyuma na si mlangoni, na friza miezi 6 ndiyo bora. Andika tarehe kwenye kila kichupa.

Hatua ya 5: Friza, na vitu vyetu vinavyogandishika vizuri

Gandisha kwa kipimo cha mlo mmoja. Kipande cha nyama cha kilo nne kikishaganda kinakuwa jiwe, na utalazimika kuyeyusha chote ili upate nusu kilo. Vifuko vya friza vijazwe vikiwa bapa, hewa itolewe, vilazwe kama vitabu. Makopo ya siagi na aiskrimu yanafaa pia, mradi usiyajaze hadi juu. Maji yakiganda hutanuka. Kwa sababu hiyohiyo soda ya chupa haina kazi friza.

Chukua utepe wa gundi na maka peni, andika jina na tarehe. Kisamvu na mchicha vikishaganda havitofautiani, na nyama ya mbuzi na ya ng'ombe nazo hivyo hivyo.

Maharage yaliyochemshwa bila kuungwa ndiyo mfalme wa friza: chemsha kilo mbili Jumapili, gandisha pamoja na maji yake kidogo, na siku ya kazi unaunga tu. Nazi iliyokunwa inagandishika. Tui lina mtindo wake: limimine kwenye trei ya barafu, likiganda hamishia vipande kwenye kifuko, uchukue vinne au vitano kila unapopika. Litaonekana limekatika likiyeyuka. Koroga, kwenye mchuzi halijulikani. Kisamvu kilichotwangwa kichemshwe kiive kwanza, kisha kigandishwe. Ndizi mbivu zilizozidi zimenywe kabla ya kugandishwa, maana ganda lililoganda halimenyeki.

Tangawizi na kitunguu saumu vilivyosagwa pia vinagandishika. Lakini saumu iliyosagwa na kuzamishwa ndani ya mafuta isiachwe kabatini hata kidogo. Mafuta yanazuia hewa, na bakteria aitwaye Clostridium botulinum hupenda mahali pasipo hewa. Sumu yake inaua. Friji si zaidi ya siku 4, au friza.

Kuhusu muda: kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri chakula hubaki salama muda mrefu sana, kinachopotea ni ladha. Nyama ya kusaga itumie ndani ya miezi 3 hadi 4, samaki wa mafuta kama vibua miezi 2 hadi 3, changu na wenzake hata 6, kuku wa vipande hadi 9, vyakula vilivyopikwa miezi 2 au 3. Mayai usigandishe na ganda.

Hatua ya 6: Kuyeyusha

Nyama iliyotolewa friza asubuhi na kuachwa kwenye sinki hadi jioni, nje yake imekuwa na joto la chumba saa nyingi huku katikati bado ni barafu. Itoe usiku uliotangulia, iweke rafu ya chini ya friji. Kuku mzima wa kilo mbili huchukua siku nzima. Ukiwa na haraka, izamishe ikiwa ndani ya kifuko kisichovuja kwenye maji baridi, badilisha maji kila nusu saa, na ukimaliza ipike hapohapo. Iliyoyeyukia ndani ya friji unaweza kuirudisha friza kama mipango imebadilika. Itapoteza maji na utamu kidogo. Iliyoyeyukia nje hairudi.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika

Usifungue mlango. Friji iliyofungwa hushika baridi kama saa 4. Friza iliyojaa huhimili saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Ndiyo maana nafasi tupu za friza nazijaza chupa za plastiki zenye maji: zinashikilia baridi, na ni barafu yako ya dharura ya kuhamishia friji.

Ujue pia kama umeme ulikatika ukiwa safarini. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi juu ya barafu, kiache friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, kila kitu kiliyeyuka kikaganda tena, na vya humo ni vya kutupa hata kama vinaonekana vizuri.

Umeme ukirudi, vyakula vya friza vyenye chembe za barafu bado, au vilivyo baridi kama vya friji, unaweza kuvigandisha tena au kuvipika. Nyama, samaki, maziwa, wali na viporo vilivyopita nyuzi 4 kwa zaidi ya saa mbili, tupa. Siagi, jemu, siki, pilipili ya kusindika na matunda mazima havina shida. Kuonja ili ujue kama kimeharibika ni kipimo kibaya, kwa sababu sumu nyingi hazina ladha. Na friji yenyewe ipitie kwenye kifaa kinachochelewesha umeme dakika chache unaporudi. Kompresa nyingi hufa wakati huo.

Usafi na barafu ya kuta

Barafu ya kuta ikifika nusu sentimita, zima na uyeyushe, vyakula vikisubiri kwenye ndoo iliyofunikwa blanketi. Weka bakuli la maji ya moto ndani, ufunge, usubiri. Kisu hakihusiki: kikitoboa bomba, gesi inatoka na friji imekwisha, na friji nyingi za sasa hutumia isobutani, gesi inayowaka.

Ukiondoka kwa wiki kadhaa, gawa vinavyogawika, chomoa, futa ndani kwa maji ya sabuni kisha ya siki, kausha, na uache mlango wazi kidogo kwa kubana kitambaa kilichokunjwa. Friji iliyozimwa na kufungwa huota ukungu ndani ya siku chache, na harufu yake huingia hadi kwenye mpira wa mlango.